Mabakuli Mawili na Mhakiki wa Tatu

Shella, Malindi
Jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu tumepeana tangu asubuhi, nyingine tumezirudia, basi naanza bila salamu. Umekwenda kuwaaga shangazi zako, nami nawajua: hawatakuachilia kabla ya kukulisha. Kwa hiyo nina nafasi ya kukuandikia kwa utulivu hapa kwenye meza ya jikoni, na kikombe cha chai ambacho nyanya yako amekitia tangawizi nyingi kana kwamba ni mimi ninayesafiri.

Sitaandika habari za sweta, wala za chandarua, wala za kupiga simu ukifika. Baba yako amekwisha kuyasema yote hayo, kisha akayasema tena kwa sauti ya juu alipodhani hukusikia. Sanduku lako amelifunga kamba juu ya zipu. Ukifika Kisumu utaazima kisu ndipo upate nguo zako.

Mimi nataka kukujibu. Juma lililopita, tulipokuwa tukichambua mchicha, uliniambia neno kisha ukacheka ili nidhani ni mzaha. Ulisema, "Mama, nachelea nisije nikawa mtu wa kusema hapana tu. Mtakwimu akiingia chumbani, watu hunyamaza." Nikakuambia, "Afadhali wanyamaze, wapate kufikiri," tukacheka sote. Lakini lile halikuwa jibu. Unakwenda kuianza kazi niliyoifanya mimi tangu kabla hujazaliwa, na kama waogopa kuingia ukiwa mtu na kutoka ukiwa mhuri wa kukataa, woga huo wastahili jibu la kweli.

Umekua ukiniona mezani na makala za watu. Mtafiti akimaliza utafiti wake huuandika na kuupeleka kwenye jarida, na mhariri wa jarida huwapa watu wa fani ile waisome makala kabla haijachapishwa, waseme kama inasimama. Hao ndio wahakiki. Anayejua samaki husoma habari za samaki, anayejua dawa husoma za dawa. Mimi huitwa mwisho. Mhariri huniandikia: wenzako wameshasema juu ya samaki, wewe tuambie kama hesabu zinaweza kuyabeba maneno. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kila makala ina maneno na ina hesabu, na mara nyingi maneno ni mazito kuliko punda aliyebebeshwa.

Nyanya yako hajapata kuikubali kazi hii. Aliniuliza mara moja, "Maryam, wasoma makosa ya watu usiowajua, nao hawajui ni wewe, na hulipwi?" Nikasema ndiyo, ni desturi ya wasomi, leo mimi nakusomea, kesho mwingine atanisomea. Akatikisa kichwa. "Hata mganga huchukua kuku," akasema.

Mara ya kwanza kuitwa nilikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa kwa akili, ingawa si kwa miaka. Wajua nilivyokuwa shuleni. Shangazi zako hawachoki kukuhadithia. Msichana wa kukaa mstari wa mbele, daftari limejaladiwa kwa karatasi ya kaki, mkono juu kabla swali halijaisha. Nilifundishwa vizuri, na katika niliyofundishwa ni kwamba mkubwa hakosolewi mbele ya watu. Basi jarida lile la kwanza halikuficha majina ya waandishi, na makala niliyoletewa ilikuwa ya profesa ambaye kitabu chake ndicho nilichosomea. Niliisoma nikiwa nimekaa wima, kana kwamba ananitazama. Katikati nikaona jedwali ambalo halikukubaliana na maneno yaliyokuwa chini yake. Nikalirudia. Nikajiambia, Maryam, huyu alikuwa akifundisha takwimu wakati wewe wajifunza kufunga kamba za viatu, wewe ndiwe usiyeelewa. Nikaandika sifa, nikaongeza nyingine, nikapeleka.

Baadaye msomaji mmoja, mwanafunzi tu, akaliandikia jarida kuuliza habari za jedwali lile. Profesa mwenyewe akajibu kwa uungwana kwamba ni kweli, limekosewa, akashukuru. Hakuna aliyenilaumu. Lakini niliona haya, kwa sababu kumbe yule mzee angefurahi kuambiwa mapema. Heshima niliyompa ilikuwa ya kumwacha atoke nje na kanzu iliyopasuka mgongoni, nami niliyeiona nikisema amependeza.

Nakuambia hili ili uelewe lililofuata, maana mtu aliyewahi kuwa mwoga akijirekebisha huruka mpaka akaangukia upande wa pili. Baada ya hapo nikawa mkali. Wahariri walinipenda, walisema Maryam hapitwi na kitu. Nikaanza kuyafurahia mwenyewe maneno yangu, hasa yale mafupi. Hapo ndipo alipoingia Kadzo, na ndipo na wewe unapoingia, ingawa nadhani umesahau.

Leo wamjua Kadzo kama shangazi yako wa hiari, anayekuita "mwanafunzi" na kukuharibia nywele kila akiingia. Lakini kuna wakati hatukuwa tukimjua. Alikuwa amepanga chumba kwa Bi Salma, jirani yetu, na sisi tulikuwa tukisalimiana naye tu njiani. Nilijua ni msichana wa Kigiriama, mpole, anayefundisha kwa mkataba chuoni Kilifi na kurudi hapa mwisho wa juma. Kumbe mwisho wa juma haukuwa wa kupumzika. Alikuwa akienda Ngomeni kwa kina mama wanaokausha dagaa.

Wakati huohuo, mimi nililetewa makala ya dagaa. Jarida hili lilificha majina, mwandishi hamjui mhakiki wala mhakiki hamjui mwandishi, na hata kijiji hakikutajwa. Kilikuwa tu "kijiji cha wavuvi katika pwani ya Afrika Mashariki". Nikadhani ni Tanga huko, au Pemba. Mwandishi alidai kwamba dagaa wakianikwa juu ya kichanja, kile kitanda cha fito kilichoinuliwa na kutandikwa wavu, hukauka vizuri na hawaharibiki upesi kama wanaoanikwa mchangani. Alikuwa amepima dagaa wengi sana. Majedwali yalijaa hadi pembeni. Lakini nilipotafuta vichanja ni vingapi, nikaona ni kimoja. Kichanja kimoja, na kipande kimoja cha mchanga. Dagaa wote wale walitoka mahali pawili tu.

Wewe umesoma, wajua ubaya uko wapi. Pengine kichanja kile kilikuwa kwenye njia ya upepo. Pengine mwenye kichanja alikuwa na mkono mwepesi wa kugeuza samaki, na wa mchangani alikuwa mvivu. Ukipima dagaa mmoja au jeshi zima la dagaa, bado umekiuliza kichanja kimoja swali moja. Kosa hili hufanywa na watu wenye bidii, maana mvivu asingepima samaki wote wale.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Mtu anaposoma makala isiyo na jina hulitafutia jina mwenyewe, na mimi mwandishi yule nilimpa umbo kamili. Nilimvika tai. Nikampa kitambi, ofisi yenye kiyoyozi, na vijana wa kumpimia samaki huku yeye akinywa kahawa. Nikamkasirikia kwa kahawa ile. Nikaandika maneno machache, nayakumbuka mpaka leo: "Hesabu za makala hii haziwezi kuokolewa. Mwandishi hakuelewa alichokuwa akikipima. Nashauri ikataliwe." Nikaenda zangu kupika, moyo mweupe.

Siku chache baadaye, jioni kama hii, tukasikia hodi. Wewe ulikuwa bado mdogo, chini ya meza hii hii, ukimfundisha paka kusoma. Mlangoni alikuwa Kadzo, viatu mkononi kwa ajili ya mchanga, na bahasha kwapani.

"Shikamoo Mama Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Nimeletwa na Bi Salma. Asema wewe waielewa lugha ya watu hawa."

"Watu gani?"

"Wahakiki," akasema, kama mtu atajaye mbu. Akakaa, akatoa karatasi. "Nimeandika makala, Mama Zuhura. Nikiichapisha, chuo kitanipa mkataba mwingine. Nisipoichapisha, mkataba waisha na muhula huu, narudi nyumbani Ganze kuwafundisha mbuzi. Sasa, wa kwanza kanisifu. Wa pili ataka niandike jina la kisayansi la samaki, hilo si neno. Lakini huyu wa tatu! Huyu mama yake hakumnyonyesha."

Nilikuwa nikimmiminia chai. Akasoma kwa sauti: "Hesabu za makala hii haziwezi kuokolewa..."

"Mama," ukasema wewe kutoka chini ya meza, "chai yamwagikia paka."

Kweli, chai ilikuwa imekipita kikombe, ikaipita sahani yake, ikaipita meza. Kadzo alinisaidia kufuta, huku akiendelea kumchambua mtu yule. "Nimemwona kabisa," akasema. "Ni mwanamume. Mzee. Ana kitambi, na mkewe hamsemeshi. Huyu hajawahi kumshika dagaa hata kwa uma."

Zuhura, sikujua nicheke au nilie. Makala moja ilikuwa na wanaume wawili wenye vitambi, mmoja mwandishi na mmoja mhakiki, na wote wawili hawakuwapo. Waliokuwapo ni wanawake wawili na kitambaa cha kufutia chai.

"Haya, nifafanulie," akasema. "'Hakuelewa alichokuwa akikipima.' Nimepima dagaa! Nimewapima mpaka naota wananipima mimi. Kosa ni lipi? Mbona haambii mtu kosa?"

Swali lile lilinichoma kuliko matusi yote, kwa sababu lilikuwa la haki. Kosa lilikuwapo, na halikupungua uzito eti kwa kuwa mwenye kosa ni msichana mwenye adabu aliyeacha viatu mlangoni. Ningeisoma makala ile upya mbele yake ningesema vilevile, vichanja havitoshi. Lakini sikuwa nimemwambia. Nilimwambia hawezi kuokolewa, sikumwambia anazama wapi.

Na sasa nimwambie nini? Kusema "ni mimi" sikuruhusiwa. Jarida lilitufunika sote kwa sababu nzuri. Kumsaidia kimya kimya, kisha makala irudi kwangu niihukumu, ingekuwa ni mimi kucheza ngoma na kujipigia makofi. Nikafanya jambo la kweli lililobaki, nalo lilionekana baya kuliko yote.

"Siwezi kukusaidia kwa hili," nikasema.

Alinitazama. "Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi. Na sababu siwezi kuisema."

Akakusanya karatasi zake taratibu, akazilinganisha pembe. "Haya, Mama Zuhura. Asante kwa chai," akasema, na chai yenyewe hakuinywa, ilinywewa na paka. Bi Salma hakunisemesha siku kadhaa. Nilimsikia ukutani akimwambia mumewe kwamba kuna watu elimu imewakausha kama papa.

Usiku ule sikungoja. Nilimwandikia mhariri nikamweleza: nimemjua mwandishi bila kutaka, ni jirani yangu, sifai tena kutoa hukumu. Nikaongeza kwamba maoni yangu yalikuwa sahihi ila hayakuwa na faida, nikaomba ruhusa niyaandike upya, hata kama atakayeamua ni mwingine. Nilitarajia karipio. Akanijibu kwa ufupi: ahsante kwa kusema, andika maelezo kamili, nitayapeleka kwa mwandishi, na hukumu nitampa mtakwimu mwingine.

Basi nikaandika. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote za namna ile, na ilikuwa kwa ajili ya makala ambayo sikuwa na sauti tena juu yake. Niliandika kosa liko wapi, kwa nini ni kosa, na kwa nini mtu mwenye bidii hulifanya. Niliandika pia kilichokuwa kizuri, maana kilikuwapo: upimaji wake ulikuwa safi, na swali lake lilikuwa la maana kwa kina mama wale. Kisha nikaandika njia. Atafute wanawake wengi, kila mmoja na kichanja chake na kipande chake cha mchanga. Kila mmoja agawe ndoo yake ya dagaa mara mbili, na kura iamue nusu ipi ipande juu na ipi ilale chini.

Nikafika mahali pa kueleza kwa nini dagaa wengi wa kichanja kimoja si ushahidi mwingi, na Kiingereza changu cha vitabu kikaniishia. Nikakumbuka harusi za utotoni, mama alipokuwa akiitwa kuonja pilau kabla ya kupakuliwa. Sufuria zilipangwa mstari uani, kila moja na moto wake na mpishi wake, na mama alichota kijiko kimoja kutoka kila moja. Hakuna aliyejaza tumbo kwenye sufuria ya kwanza akasema harusi imepikwa vizuri. Nikaandika hivyohivyo: "Ukionja vijiko mia kutoka sufuria moja ya pilau, bado umeonja sufuria moja." Nikapeleka.

Kadzo alirudi Ngomeni. Mambo ya huko nimeyajua baadaye kwa kinywa chake. Kina mama walimcheka sana kwa kura. "Dagaa kupigiwa kura!" mmoja wao alisema. "Basi nusu hii iliyoshindwa na ikate rufaa." Lakini walikubali, na kila mmoja akawa na hamu ya kujua yake. Kadzo alipomaliza, tofauti aliyoipata ilikuwa ndogo kuliko ile ya mwanzo. Ile ya mwanzo, kumbe, sehemu yake ilikuwa upepo tu. Lakini hii ndogo ilisimama kwenye vichanja vya watu wengi, haikutikisika. Mtakwimu yule mwingine aliipitisha, na mpaka leo simjui. Makala ikatoka, mkataba ukatoka.

Krismasi ya mwaka ule, Kadzo akapiga hodi tena. Hapa ndipo nataka ukumbuke. Alikuja na mabakuli mawili, moja lenye mfuniko wa buluu na moja lenye mfuniko wa sahani. Nadhani uliniuliza kwa siku nyingi kwa nini yalikuwa mawili, nami nikakuambia ni ukarimu.

"Pilau," akasema. "Msiwe na wasiwasi, kuku kachinjwa na mume wa Bi Salma. Sufuria mbili, moja nimepika mimi na moja kapika dada yangu." Akaniwekea kijiko mbele yangu, kimoja tu. Kisha akanitazama usoni, bila kutabasamu, akasema polepole, "Onja zote mbili, Mama Zuhura. Wewe najua huonji moja."

Nikajua kwamba amejua. Mhakiki gani mwingine duniani huandika habari za sufuria za pilau, na jirani gani mwingine alimwaga chai aliposomewa maneno ya mhakiki? Nilionja bakuli la kwanza, lilikuwa zuri. Nikaonja la pili, na lo! Mwanangu, lilikuwa limeungua. Moshi ulikuwa umepanda hadi kwenye bizari. Nami, mtu asiyepitwa na kitu, mtu wa "haziwezi kuokolewa", nikameza, nikapangusa midomo, nikasema, "Zote tamu. Wallahi, siwezi kuzitofautisha."

Aibu gani! Kwenye karatasi simba, mezani paka. Yule msichana wa mstari wa mbele alikuwa bado yumo ndani yangu, anasifu kanzu iliyopasuka.

Kadzo akainamisha macho. Nadhani alihuzunika kidogo. Ndipo ukapenyeza mkono wewe, ukachota kutoka bakuli la pili, ukatafuna kwa makini, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hii imeshika chini."

"Zuhura!" nikasema.

"Imeshika chini, Mama. Lakini ya juu ni tamu. Ukiacha ukoko, ya juu yote yaliwa." Na ukaendelea kula, ukitenga ukoko pembeni ya sahani, huku ukimweleza Kadzo kwamba pengine moto wa dada yake ulikuwa mkubwa, na ajaribu kupunguza kuni.

Kadzo alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikacheka, nyanya akaja kuuliza kuna nini, akaonja, akasema, "Hii imeungua, nani kaipika?" tukacheka tena. Tokea siku ile Kadzo akawa wetu. Lakini jambo lenyewe hatukulisema kamwe, yeye wala mimi. Kwangu halikuwa la kusema, na yeye aliliacha lilale.

Leo mchana, katika karamu yako ya kuagwa, nilimkuta jikoni akikufungia dagaa wa Ngomeni kwa ajili ya safari. Nikamwambia, "Nataka kumwandikia Zuhura habari za mabakuli mawili. Nikiruhusiwa."

Hakujifanya kutoelewa. "Mwandikie," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nikingoja uulize." Kisha akasema, huku akikaza fundo: "Lakini usijipambe, Mama Zuhura. Wewe ulinionyesha kosa langu, ahsante, ilikuchukua barua mbili. Huyu mtoto alilisema lote kwa tonge moja. Mimi nikisoma makala za wanafunzi wangu sasa, simkumbuki mhakiki. Nakumbuka ukoko."

Basi hili ndilo jibu langu, nami nimelizunguka kama mtu atafutaye miwani aliyoivaa. Waogopa kuwa mtu wa kusema hapana tu. Mimi nilihitaji profesa mmoja, dagaa wengi na jirani aliyeninunia ndipo nijifunze kusema kosa liko wapi na kizuri kiko wapi katika pumzi moja. Wewe ulilijua kabla hujajua kuandika vizuri jina lako. Hukumwambia Kadzo zote tamu. Hukumwambia pilau haiwezi kuokolewa. Ulimwambia imeshika chini, ya juu yaliwa, punguza kuni, na ukabaki mezani kula naye. Kisumu hawatakupa kazi ngumu kuliko hiyo. Watakuletea tu karatasi badala ya bakuli.

Siku utakapoletewa makala isiyo na jina, na ukajiona unamvika mwandishi tai na kitambi, cheka, kisha umvue. Huenda yuko nje ya mlango wako sasa hivi, viatu mkononi.

Dagaa wa Kadzo niliwaweka juu ya nguo zako kabla baba yako hajafunga kamba zake. Wamo katika vifurushi vidogo vidogo, kila kimoja kutoka kichanja cha mama mwingine. Amesema uonje kila kifurushi kabla hujamwambia lolote, na kwamba kimoja hakumbuki ni cha nani na ana wasiwasi nacho. Mwandikie ukweli. Atafurahi, na mimi pia.

Nawasikia shangazi zako wakikusindikiza njiani na kucheka. Nakunja barua hii niitie mfukoni mwa sweta, ambalo nilisema sitalitaja.

Anayejivunia kijiko chako,
Mama